Kombi Kuukuu Haiponi kwa Puti

Kombi ya kwanza ya Volkswagen ilishindwa kazi kabla haijafika sokoni. Mwaka 1947 Ben Pon, Mholanzi aliyekuwa akiuza magari ya kampuni hiyo nchini kwao, alichora katika daftari lake gari la mizigo lenye umbo la sanduku: dereva mbele kabisa, injini nyuma, katikati patupu. Wahandisi wa kampuni huko Wolfsburg walipoanza kuliunda walijaribu njia ya mkato, wakalipandisha sanduku hilo juu ya chesisi ya Beetle. Mwaka 1949 lilipojaribiwa likiwa na mzigo, chesisi ile haikustahimili. Ikabidi waanze upya, na safari hii hawakutengeneza chesisi ya kuwekea bodi juu yake. Walilaza boriti mbili ndefu za bati lililokunjwa, wakazitolea mikono ya chuma pembeni, kisha wakachomelea sakafu, vizingiti vya milango, kuta na paa mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Gari hilo lilianza kutoka kiwandani Machi 1950, na huko Brazil uzao wake haukukoma mpaka mwisho wa mwaka 2013.

Uamuzi huo wa 1949 ndio unaopaswa kuongoza kila mjadala kuhusu kufufua kombi zilizooza, na ndio unaosahaulika kwanza gari likiingia gereji. Land Rover ya zamani ina chesisi yake ya chuma na bodi ya aluminiamu iliyokazwa kwa bolti. Ubavu ukibonyea, hata mlango ukikosekana, gari linakwenda shamba na kurudi. Kombi haina anasa hiyo. Bodi yake si nguo, ni mifupa. Kizingiti kile cha chini ya mlango, ambacho mnunuzi hukiona kama pambo, ndicho kinachosaidia boriti zisipinde gari likijaa abiria. Kikiisha, mlango wa pembeni ule wa kuteleza huanza kugoma kufunga, na mwenye gari hupaka grisi kwenye reli akidhani tatizo ni mlango. Hoja ya makala haya basi ni hii: kombi iliyooza ikapigwa puti na rangi bila bati bovu kukatwa haijafufuliwa nusu. Imesogezwa karibu zaidi na kaburi lake, na aliyelipia kazi hiyo amelipia kuharibiwa.

Kuelewa kwa nini, ni lazima kuiangalia kutu yenyewe. Kutu si uchafu unaotua juu ya bati. Ni bati likigeuka. Chuma kikikutana na maji na oksijeni huwa oksaidi yenye unyevu ndani yake, na oksaidi hiyo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi huvimba malengelenge kabla tundu halijaonekana, na ndiyo sababu mabati mawili yaliyobanwa pamoja kiwandani husukumana taratibu hadi yakaachana. Kwenye kombi mabati yaliyopandana ni mengi mno. Kizingiti peke yake kina tabaka tatu, la ndani, la kati na la nje, na katikati yake kuna uwazi ambao mikono na brashi za kiwandani hazikuufikia vizuri. Maji huuingia kwa njia nyingi: kiungo cha mfereji wa paa kilichopasuka, raba ya kioo cha mbele iliyokakamaa, matundu ya hewa ya injini yaliyo ubavuni nyuma. Magurudumu nayo hurusha matope yanayoganda juu ya mikono ile ya pembeni, na vumbi jekundu likishalowa hukaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika. Chini kabisa kiwanda kiliacha vitundu vya kutolea maji. Fundi anayepaka lami chini ya gari zima, akidhani analikinga, mara nyingi huviziba vyote kwa siku moja. Sehemu ya betri, ndani ya chumba cha injini, ina balaa lake la ziada, yaani asidi.

Mambo haya yana tokeo moja ambalo wenye kombi hawapendi kulisikia, nalo ni kwamba kutu mbaya ya gari hili hutoka ndani kuja nje. Lengelenge la ukubwa wa sarafu chini ya mlango ni habari iliyochelewa. Bisibisi ikisukumwa hapo kwa nguvu ya kawaida ya mkono huzama, na kinachomwagika ni magamba ya kahawia pamoja na mchanga uliokaa humo tangu gari lilipokuwa likipeleka watalii mbugani.

Sasa puti. Puti ya gereji ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga wa talki. Ilibuniwa kusawazisha mabonde madogo kwenye bati zima, unene wa milimita mbili au tatu. Ina vinyweleo na hunyonya unyevu. Kinachofanyika nayo kinajulikana na kila anayepita gereji za mitaani: lengelenge linakwanguliwa kwa grinda, tundu linajitokeza, kingo zake zinagongwa kwa nyundo ziingie ndani, nyuma yake linasokomezwa gazeti au kipande cha wavu, puti inajazwa, halafu msasa namba 80, namba 180, namba 320, praima, rangi, polishi. Jioni ubavu unang'aa. Lakini nyuma ya mng'ao huo kutu imeachwa na maji yake, na upande wa mbele sasa umefunikwa na kitu kinachonyonya unyevu na kuushikilia pale pale. Kabla ya puti, tundu lile lilikuwa likikauka kila jua linapotoka. Sasa halikauki. Msimu mmoja wa masika unatosha kuleta ufa mwembamba unaofuata ukingo wa puti, na baada yake kipande kizima kinaanguka barabarani kikiwa na rangi yake, huku bati lililobaki likiwa limerudi nyuma kwa upana wa kiganja.

Wapo wanaojiona wamekwepa kosa hilo kwa kuchomelea. Huchukua bati jipya na kulipandisha juu ya lile bovu, na wakati mwingine bati lenyewe ni la kuezekea. Bati la paa ni jembamba kuliko lile la gari, kwa hiyo mzigo wa kizingiti haliwezi. Zinki iliyopakwa juu yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa na baridi usiku ule. Kubwa zaidi, kiraka kilichopandishwa kinazaa mwanya mwingine kati ya mabati mawili, yaani makao yale yale ambayo kutu iliyatafuta tangu mwanzo. Siku ya kukata kwa kweli ikifika, fundi hukuta tabaka nne au tano za viraka vya enzi mbalimbali, na hakuna hata kimoja kilichoshika chuma kizima.

Kazi inayostahili jina la kufufua huanza kwa kuvua. Viti, mikeka, vioo, raba zote na mbao za ndani hutoka, kwa kuwa hakuna anayeweza kuhesabu ubovu uliofunikwa. Kisha, kabla grinda haijagusa kizingiti, bomba za chuma huchomelewa ndani ya nafasi za milango ili kuishika bodi. Kombi iliyokatwa vizingiti viwili kwa pamoja bila kushikizwa hulala chini, na milango yake haitaingia tena hata ikitengenezwa na nani. Bati hukatwa mpaka lile zima, lenye kung'aa pande zote mbili. Kipande kipya huwa cha unene unaokaribia wa asili, geji 18 au 20, na hukaa ukingo kwa ukingo badala ya kupandana, isipokuwa pale kiwanda chenyewe kilipopandanisha. Kuchomelea kwa mashine ya waya na gesi ya kaboni dioksaidi hufanywa kwa nukta, moja hapa, nyingine mbali, kila moja ikingojewa ipoe, kwa maana bati jembamba likipata joto la mfululizo hukunjamana na halinyooki tena. Fimbo ya umeme ya kuchomelea madirisha hutoboa bati hili. Gesi ya asetilini hulipindisha, ila kwa fundi mmoja mmoja aliyekulia nayo. Baadaye huja praima ya epoksi juu ya chuma kitupu, gundi ya kuziba viungo, na hapo tu puti kidogo, juu ya epoksi na si chini yake. Rangi ikishakauka, nta laini hupulizwa ndani ya vizingiti na boriti kupitia vitundu vile vya kutolea maji, kisha vitundu vinazibuliwa. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huimwaga humo kwa nia njema, hutiririka yote baada ya muda na kuishia ardhini.

Katika orodha hiyo rangi ni ya mwisho, nayo ndiyo wateja wanayoanza kuizungumzia. Hawana lawama sana. Mwaka 2011 kombi ya 1963, ile ya madirisha 23, iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 200,000, na picha za magari ya namna hiyo ndizo zinazosambaa: nyeupe juu, rangi ya pili chini, kromu kila mahali. Rangi sahihi haina ubishi mkubwa. Kombi nyingi zilizoundwa Hannover, Ujerumani, zilitoka na kibati kidogo chenye tarakimu za rangi na vifaa vyake, na kikiwa bado kipo kinamaliza mabishano. Ninachokataa ni kuichukua picha ya mnada kama kipimo cha kazi.

Pingamizi la kwanza husema kwamba maneno haya ni ya Ulaya, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kwamba kwetu magari hayaozi hivyo. Kwa Dodoma, Nairobi au Isiolo lina ukweli: hewa ni kavu zaidi, na kombi zilizokaa bara miaka yote huwa na sakafu ambazo Mjerumani angezilipia ghali. Lakini chuma huanza kushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukipita takribani asilimia 60, na chumvi ikiwepo kasi hiyo huanza mapema zaidi. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima, na upepo wa bahari huleta chumvi bila kungoja theluji. Gari lililolala usiku karibu na ufuo linapata umande wa chumvi kila asubuhi. Kwa hiyo pingamizi hili linabadili ratiba tu; linampa mtu wa bara miaka mingi ya nafasi, halimpi ruhusa ya kutumia puti.

La pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaoyapenda magari ya kale kuliko mafundi. Wanasema kukata bati la asili ni kufuta historia. Gari lililobadilishwa vizingiti, sakafu, pua na kuta limebaki na nini cha 1965? FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lina Hati ya Turin, iliyofuata mfano wa Hati ya Venice ya 1964 kuhusu majengo, nayo inataka mkono wa fundi uguse kidogo iwezekanavyo, kila hatua iandikwe, na sehemu mpya ziweze kutambulika. Tena rangi yenyewe huweza kuwa ndiyo historia. Kombi iitwayo Light, iliyochorwa na msanii Bob Hieronimus na kuonekana katika tamasha la Woodstock mwaka 1969, ilipotea. Ilipotafutwa isipatikane, kombi nyingine ya 1963 ilichorwa upya ifanane nayo kwa ajili ya miaka 50 ya tamasha hilo. Nakala ni nzuri, na ni nakala.

Mfano ulio bora kwa upande huo uko Johns Island, Carolina Kusini. Esau Jenkins, Mmarekani mweusi aliyekuwa na biashara ya mabasi, aliwapeleka watu wa kisiwa hicho kazini Charleston, na njiani aliwafundisha kusoma vifungu vya katiba ya jimbo, maana bila kuvisoma hawakuruhusiwa kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1957, pamoja na Septima Clark na Bernice Robinson, alikuwa kiini cha shule ya uraia ya kwanza kisiwani humo. Kombi yake ya miaka ya 1960 ilikuwa na maneno nyuma yaliyosema kwamba upendo ni maendeleo na chuki ni gharama. Jenkins alifariki 1972, na kombi ikabaki nyumbani kwa familia ikioza kwa miongo kadhaa. Bati za nyuma zenye maneno yale ziko Smithsonian, katika makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi. Gari lililobaki halikupigwa rangi. Wahifadhi walilisafisha na kuliimarisha lisiendelee kuporomoka, na mwaka 2019 likawekwa ndani ya kioo katikati ya jiji la Washington, kutu yake ikionekana.

Walifanya sawa. Kombi ya Jenkins haitabeba abiria tena, na thamani yake yote iko katika kilichoguswa na mikono ya watu wale; kuipaka rangi mpya kungekuwa sawa na kukwangua jina kwenye hati. Lakini angalia walichofanya na ambacho hawakufanya. Hawakuificha kutu. Waliisimamisha, wakaiacha isomeke. Fundi anayekata kizingiti cha kombi itakayorudi barabarani na mhifadhi anayekataa kukata wanafanana katika jambo hilo moja, kwamba ukweli wa bati haufichwi, na wote wawili wako mbali na anayesokomeza gazeti. Swali la kuamua njia ni la kawaida kabisa: gari hili litaendeshwa? Likiendeshwa, litabeba watoto wa mtu, na hapo boriti nzima inatangulia bati la asili. Mbele ya magoti ya dereva wa kombi hakuna injini wala chochote ila bati la pua; sijui mpenzi wa uasili gani angekaa hapo nyuma ya nguzo zilizoshikwa na puti. Hata hivyo pingamizi hili limetufunza kitu, nacho ni kukata kwa uchoyo. Wafufuaji wa Ulaya wenye pesa hununua ubavu mzima mpya na kutupa wa zamani kwa sababu ya ubovu wa sentimita kumi za chini. Huo ni ufujaji. Kata sentimita kumi.

Linabaki la gharama, ambalo ndilo husemwa kwa sauti kubwa zaidi: mwenye kombi hana pesa ya kazi hiyo yote, puti anaimudu. Hesabu hiyo inasahau kwamba puti hulipiwa tena na tena, na kila mara juu ya bati lililopungua. Anayeweza kulipia kidogo kidogo anufaike kwa kuifanya kazi kwa mafungu: upande mmoja wa vizingiti mwaka huu, sakafu ya mbele mwakani, na kila fungu liishie kwenye chuma kizima chenye epoksi. Ila asiliache gari na praima ya kawaida ya kijivu miezi mitatu ya mvua, jinsi inavyofanyika kila mtaa. Praima hiyo hupitisha maji, na kutu hurudi chini yake kabla ya pesa ya rangi kupatikana. Epoksi huzuia maji lakini jua huichakaza ikawa chokaa, hivyo juu yake ipakwe rangi yoyote ya bei nafuu, hata kwa brashi. Gari litakuwa na madoa ya rangi tatu. Kwa macho yangu kombi ya rangi tatu yenye boriti nzima ni gari zuri kuliko ile ya kwenye kalenda.

Kuhusu mafundi, maneno kwamba hawawezi kazi hii hayasimami mbele ya ushahidi ulio wazi. Nairobi hujengwa bodi nzima za matatu kuanzia chuma kitupu. Mafundi wa jua kali hukunja kwa mkono masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, kona zake zikakutana bila mwanya. Mtu anayeweza hilo anaweza kukunja mkono wa pembeni wa kombi, ambao ni umbo rahisi zaidi, akipewa kipande cha zamani cha kuiga. Kinachokosekana mara nyingi ni mteja anayeliomba hilo na kulilipia. Kinachokosekana pia ni kinga. Rangi za kisasa za kuchanganya na kikaushio zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mpulizaji pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii; inahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Vumbi la kukwangua rangi za zamani nalo huweza kuwa na risasi. Bei inayoshuka kwa kuacha vitu hivyo ameilipa fundi kwa mapafu yake.

Kinachoweza kubadilishwa kesho ni namna ya kulipa. Desturi ya kutoa nusu kabla na nusu siku ya kuchukua gari linalong'aa humpa fundi kila sababu ya kufanya kazi ya macho. Malipo yagawanywe kwa hatua zinazoonekana: gari likiwa limevuliwa, bati bovu likiwa limekatwa, viungo vikiwa vimechomelewa kabla ya epoksi, kisha rangi, kisha nta ya ndani. Kila hatua ipigwe picha na zibaki na karatasi za gari, maana mnunuzi wa baadaye hana njia nyingine ya kujua kilicho chini ya rangi, isipokuwa kupitisha sumaku ndogo chini ya milango na kuhisi inapoacha kushika.